Chungu Kinachoingia Nyumba ya Msiba



Usiku wa Alhamisi moja tulipanda basi Mombasa, sisi wanawake wanane wa ukoo mmoja, tukielekea Kitengela. Mume wa mpwa wetu alikuwa amefariki asubuhi ile, na kwa kuwa maziko yetu huharakishwa, tulijua wazi kwamba hatutamkuta. Alizikwa baada ya swala ya alasiri, nasi tukali tunachanga nauli. Safari yetu basi haikuwa ya kuzika, bali ya kwenda kumkalia mjane na watoto wake wawili wadogo.

Wengi wenu mna mtoto au ndugu huko, kwa hivyo hatuna haja ya kuueleza mji wenyewe kwa urefu. Kitengela iko kaunti ya Kajiado, kwenye barabara kuu iendayo Namanga, mwendo mfupi kutoka Athi River. Vijana wetu wanaofanya kazi katika viwanda vya Athi River na katika ofisi za Nairobi hukimbilia kule kwa sababu ya kodi nafuu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu pale zaidi ya watu 150,000. Zamani palikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya wanyama watokao mbuga ya Nairobi. Leo ni magorofa, vumbi, na malori ya maji. Maji ndiyo shida ya kwanza. Yale ya visima aghalabu yana chumvi, na mengine hununuliwa kwa lori. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu tutalirudia.

Tulifika alfajiri. Uani tulikuta hema na viti vya kukodi, masufuria makubwa matatu mekoni, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Mpwa wetu, ambaye hajamaliza hata siku moja ya eda yake, alikuwa amesimama mlangoni akimhesabia kijana mmoja noti za kwenda kununua mchele. Alipotuona alilia, nasi tukalia. Kisha akajifuta machozi kwa upande wa mtandio, akatuuliza, “Mashangazi, mtakunywa chai ya maziwa au ya rangi?”

Tukamwambia ya maziwa.

Tulikaa siku tatu. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana pilau, usiku wali kwa mchuzi. Siku ya tatu alichinjwa mbuzi wa pili, na lori la maji lilikuja mara mbili. Watu walikuwa wengi mno: jamaa kutoka Pwani, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani wa Kimaasai, wa Kikamba na wa Kikuyu, wote watu wema waliokuja kutoa makiwa kwa moyo safi. Na wote wakala. Tulipokuwa tukifunga mizigo ndipo mmoja wetu alipoliona daftari la mwenye duka. Deni lilikuwa limeupita mshahara wa mwezi mzima wa marehemu. Sisi wanane, ambao twajiita wazazi wa mjane yule, tulikuwa tumelila deni lile kwa mikono yetu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, na mwenyeji tukamwacha na daftari.

Ndani ya basi la kurudi hatukuzungumza sana. Mkubwa wetu alitoa neno moja tu, karibu na Voi: “Yule mbuzi alikuwa wa nani?” Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa sote tulijua jibu. Mali ya aliyekufa huwa ya warithi tangu pumzi ya mwisho, na katika warithi wale walikuwamo mayatima wawili ambao hawajui hata kuhesabu pesa, seuze kutoa idhini. Suratun Nisaa imewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakulinyamazia jambo hili: chakula cha kukusanya watu kikipikwa kwa mali ambayo ndani yake mna fungu la mtoto mdogo, si suala la karaha tena, ni haramu.

Hatuandiki haya ili kuingia katika mzozo wa hitima, ambao umetuchosha sote. Asome anayesoma, aache anayeacha. Tunachouliza ni kidogo kuliko hicho: ni nani aliyepika, na kwa pesa za nani?

Mnakumbuka habari ya Asmaa bint Umays. Mwaka wa nane wa Hijra, sawa na mwaka 629, jeshi la Waislamu lilipigana Muuta, na Jaafar bin Abi Talib, mumewe Asmaa, akauawa huko. Mtume (s.a.w.) alikwenda mwenyewe nyumbani kwake. Asmaa alikuwa ameshakanda unga wake, ameshawaogesha watoto na kuwapaka mafuta, hana habari. Mtume akawataka watoto wale, akawanusa na machozi yakimtoka, ndipo mama akafahamu. Kisha Mtume akarudi kwa ahali zake akawaamrisha wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwani limewafikia jambo la kuwashughulisha.

Tazameni vitu viwili katika kisa hiki. Kwanza, nyumba ile haikuwa nyumba ya njaa. Unga ulikuwapo, tena umekandwa. Kilichokosekana ni mikono ya kuuoka. Pili, chungu kilitoka nje kikaingia ndani. Imamu Shafi katika kitabu chake Al-Umm amependekeza kwamba majirani na jamaa wawatengenezee wafiwa chakula cha kuwashibisha mchana na usiku wa siku ya kifo. Naye sahaba Jarir bin Abdillah amepokewa akisema kwamba wao walikuwa wakiuhesabu mkusanyiko wa watu nyumbani kwa maiti, na kupikiwa chakula hapo baada ya maziko, kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa. Basi sisi, Mashafi wa Pwani, tumekigeuza chungu lini?

Bibi zetu wanatusimulia kwamba katika mitaa ya Mji wa Kale nyumba ya msiba haikuwashwa moto. Sinia zilitoka nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto, zimefunikwa kawa, na mfiwa hakujua mchele umetoka wapi. Huenda hali ilikuwa hivyo kwa sababu jamaa walikuwa ukuta kwa ukuta. Kitengela ukuta wa jirani ni wa mtu wa kabila jingine na dini nyingine, ambaye kwao desturi ni mwenye msiba kuwalisha waombolezaji. Hawezi kujua kwamba sisi tumeagizwa vinginevyo ikiwa anatuona kila siku tukifanya kama yeye.

Huenda habari hii ingeishia hapo, kwenye aibu yetu ndani ya basi, lau si simu tuliyoipokea miezi miwili baadaye. Binti mwingine wa ukoo wetu, ambaye alikuwa pamoja nasi katika matanga yale, huweka hesabu katika shamba moja huko huko Kajiado. Alipiga simu usiku.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Kwema?”

“Kwema, ila bibi wa mwajiri wangu amefiwa na mamake. Wamemzika leo. Nao ni Wayahudi. Nataka kupeleka chakula, lakini naogopa kupeleka kisichopelekwa.”

Tulimuuliza alikuwa amepanga kupeleka nini. Akasema pilau ya nyama, na kwa kuwa alikuwa na kamba waliotoka Mombasa kwa barafu, awapike kwa nazi. Tulimwambia asubiri asiwashe jiko.

Wasomaji wetu wajue kwamba Wayahudi si wageni wa jana katika nchi hii. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, na wao wenyewe wakalikataa pendekezo lile mwaka 1905. Lakini familia chache zilikuja na zikabaki, na sinagogi yao iko Nairobi, pale University Way, watu wengi huipita bila kuitazama. Tulipata wa kumuuliza. Aliyotueleza tunayaandika kwa ajili ya yeyote atakayekuwa na jirani kama huyo.

Sisi tumezoea kusema kwamba chakula cha Watu wa Kitabu ni halali kwetu na chetu ni halali kwao, nayo ni kauli ya Suratul Maida. Lakini ruhusa tuliyopewa sisi haifuti masharti waliyo nayo wao. Nyama iliyochinjwa na Mwislamu, hata ikachinjwa kwa adabu zote, Myahudi anayeshika sheria yake haili, kwa kuwa mchinjaji wao ana elimu yake na nyama ina ukaguzi wake. Ngamia, ambaye bucha za ndugu zetu Wasomali humwuza, kwao hafai kabisa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Changu anaingia, kamba, kaa, pweza, ngisi na papa wote wanatoka. Hebu fikirieni, karibu nusu ya fahari ya meza ya Pwani imekwenda hivyo! Nyama na maziwa haviliwi pamoja, wala havipikwi katika chombo kimoja. Na chombo chenyewe ndicho kigumu zaidi: sufuria ambayo jana ilipika nyama isiyofaa, leo haiwezi kuwapikia hata mchele mtupu.

Si kila familia hushika yote haya. Ziko zinazoshika kila kitu na ziko zinazoshika kidogo, kama ilivyo kwetu. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuuliza, na asiulizwe mfiwa mwenyewe bali mtu aliye kando yake. Binti yetu alimpigia simu dada mmoja wa familia ile akamuuliza kwa uwazi: mwaweza kupokea nini kutoka kwangu? Akaambiwa wanashika sheria, na kwamba matunda yasiyokatwa hayana shaka, na vitu vikavu visivyopikwa, na mayai katika maganda yake.

Siku ya tatu alikwenda na kikapu cha maembe, machungwa na ndizi, trei ya mayai na mfuko wa dengu kavu. Mayai na dengu hakuvichagua kwa kubahatisha. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mlo wa kwanza wa Myahudi akirudi makaburini ni mkate, mayai ya kuchemsha na dengu, na kwamba kwa desturi yao mfiwa hapaswi kuula mlo huo kutoka chakula chake mwenyewe. Ni lazima aletewe na jirani. Yai ni duara, na maisha ni duara. Dengu hana mdomo, kama maharagwe yalivyo na kidoa chake, na mfiwa naye siku hiyo hana mdomo. Katika mapokezi yao husemwa kwamba dengu alizopika Nabii Yaakub zilikuwa za siku ya kufiwa na babu yake, Nabii Ibrahim. Hayo ni mapokezi yao, nasi hatuyathibitishi wala hatuyakanushi. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha umri wa desturi yenyewe.

Binti yetu alitusimulia aliyoyaona. Mlango ulikuwa wazi, mtu anaingia bila kubisha. Vioo vimefunikwa. Wafiwa wameketi kwenye viti vifupi, na aingiaye haketi akaanza maneno. Hungoja mfiwa azungumze kwanza, na asipozungumza, wote hukaa kimya. Watakaa hivyo siku saba, na jina lenyewe la kukaa huko, shiva, maana yake ni saba. Isipokuwa Ijumaa magharibi mpaka Jumamosi usiku, ambapo Sabato yao huyasimamisha maombolezo ya hadharani na hakuna anayepika. Jikoni alimkuta mwanamke ambaye si wa nyumba ile. Alikuwa na daftari.

Hapo binti yetu akanyamaza kidogo, kwa kuwa yeye pia aliliona lile daftari jingine la Kitengela. Katika hili yaliandikwa majina: nani analeta chakula cha mchana Jumatatu, nani cha usiku, nani atawachukua watoto shuleni. Chini palikuwa na mstari wa mambo ambayo mama wa nyumba hawezi kuyala, kwani ana ugonjwa wa sukari. Hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa atakunywa chai gani. Binti yetu akajiandika hapo kwa siku mbili za watoto.

“Shangazi,” alituuliza, “mbona wao wamelishika lile la watu wa Jaafar kuliko sisi?”

Hatukuwa na jibu, na bado hatunalo la kuridhisha. Tulilopata ni habari moja zaidi, tuliyoelezwa na yule tuliyemuuliza Nairobi, iliyomo katika Talmudi yao. Hapo kale, tajiri akipelekewa chakula cha msiba aliletewa katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini aliletewa katika vikapu vya ukindu wa mti uliomenywa gome. Maskini wakawa wanaona haya siku ile ile ya kulia. Wanavyuoni wao wakapitisha kwamba wote, tajiri na maskini, waletewe katika vikapu vya aina moja, vile vya maskini. Na vinywaji vivyo hivyo: palikuwa na bilauri nyeupe za matajiri na za rangi za maskini, ikaamuliwa zote ziwe za rangi. Sisi twajua hekima hii katika sanda, ambapo waziri na mchukuzi huvikwa nguo nyeupe ya namna moja. Hatukuwahi kuifikiria katika sinia.

Tunatambua kuwa wako watakaoisoma safu hii na kutuuliza kwa uchungu: pamoja na yote tunayoyaona Palestina, mwatuandikia vikapu vya Wayahudi? Uchungu huo ni wetu sote na hatuuficho. Lakini mama aliyefiwa na mamake upande wa pili wa ua wako hakukuua mtu. Sahl bin Hunayf na Qays bin Saad, masahaba wawili, walipitiwa na jeneza huko Qadisiyya wakasimama. Wakaambiwa ni la mtu wa dhimma, asiye Mwislamu. Wakajibu kwamba Mtume (s.a.w.) alipitiwa na jeneza akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, akauliza: je, si nafsi? Tuliishia hapo na binti yetu, naye alikwenda na maembe yake.

Sasa tuje kwenye masufuria yetu wenyewe. Wanawake wa Kiislamu wa Kitengela na wenzao wa Kajiado mjini walikaa wakazungumza baada ya hayo, baadhi yetu tukiwa kwenye simu kutoka Mombasa, na yaliyokubaliwa tunayaeleza kwa urefu kwa sababu ni ya kazi.

Usiku wa kwanza hapapikwi kitu kizito. Mfiwa koo lake limefunga. Ukimwekea pilau ataitazama tu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa, akifiwa na mtu wa kwao, huwaacha wanawake waliokusanyika waondoke, wabaki wa nyumbani na walio karibu, kisha huagiza chungu cha talbina, yaani uji mwepesi wa shayiri, kikapikwa na kumiminwa juu ya tharidi, akawaambia wale, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba huutuliza moyo na huondoa baadhi ya huzuni. Shayiri yapatikana madukani. Ikikosekana, uji wa mtama au wa mchele wenye maziwa na asali hausemi uongo. Upikwe mwepesi wa kunyweka kwa kikombe, maana kijiko nacho ni kazi kwa mtu aliyelia mchana kutwa. Mama mmoja wa Kajiado hupenda kutia hiliki mbili tatu. Sisi twaona pilipili manga kidogo inafaa zaidi kwa baridi ya kule.

Kabla ya uji, maji. Mtu wa kwanza kuarifiwa katika mji ule si mpishi, ni mwenye lori la maji, na alipwe na jirani. Maiti anaoshwa, watu wanatawadha, vyombo vinaoshwa, na nyumba ya kupanga ina tangi dogo. Kwetu Pwani hili si jambo la kuandikwa. Kule ni nusu ya rambirambi.

Watoto wapewe chakula chao mapema, kabla ya magharibi, chakula wanachokijua. Chapati na maharagwe, ndizi za kupikwa, viazi. Mtoto aliyefiwa na baba hahitaji biriani. Hapa ndipo tulipokosea sote katika matanga yale: watoto wawili walilala na mkate mkavu kwa kuwa kila mtu alikuwa akipakulia wageni.

Wageni waliotoka mbali wana haki ya kula, na hakuna mwanachuoni tuliyemsikia akisema msafiri alazwe na njaa. Lakini wapikiwe nyumba ya pili au ya tatu, wale, kisha waende kutoa makiwa. Tumepima: kilo moja ya mchele hutosha watu wanane au tisa kwa mlo wa kiasi, na kwa wageni thelathini kilo nne zatosha na ziada. Wanaopika kwa kukisia ndio wanaomwaga asubuhi. Na mpishi wa Pwani aliye kule kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba amepanda juu. Mbaazi na maharagwe hukawia kuiva kuliko Mombasa. Zetu zilitugomea mpaka saa nne za asubuhi.

Wako pia mama wapishi wa kukodi, Kitengela na Kajiado, ambao hupika arusi za watu mia tatu. Kuwakodi si dhambi, ila mpishi wa arusi akiitwa msibani huja na mazoea ya arusi: meza ndefu, taa za chini ya sinia, vijana waliovaa sare. Vitu hivyo huita watu. Mmoja wao, tuliyempenda sana, alijibadilisha mwenyewe. Akiitwa msibani huuliza kwanza maswali matatu kabla ya kutaja bei: wa nyumbani ni wangapi, nani mgonjwa na wa nini, na nani atalipa. Akijibiwa kwamba atalipa mfiwa, husema atampigia simu kaka wa marehemu kwanza. Chakula hukileta kimefunikwa, katika vyombo vyepesi ambavyo havidaiwi, kila kimoja kimeandikwa kilichomo ndani, hukiweka jikoni, hutoa makiwa, huondoka. Hakai kungoja sifa. Masufuria yasiyodaiwa ni jambo dogo mpaka uwe mjane mwenye masufuria kumi na moja ya watu na hujui la nani ni lipi.

La mwisho lilikuwa gumu kuliko yote kukubalika, nalo ni daftari. Siku tatu za mwanzo chakula hujaa mpaka kikaoza. Siku ya ishirini hakuna ajaye. Nayo eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Baadhi ya wenzetu waliona ni aibu kuandikana majina kwa jambo la thawabu, kama kwamba twadaiana. Tukawakumbusha daftari la duka. Sasa liko katika simu za wanawake ishirini na mbili: kila Jumanne na kila Ijumaa nyumba moja hupeleka chungu kwa kila mjane aliye edani katika eneo lile, kwa namna moja, kwa mwenye nacho na asiye nacho. Wali, mchuzi, mboga, tunda. Aliyetaka kuongeza kuku siku yake aliombwa ampelekee siku nyingine, kimya kimya.

Msiba wa kwanza chini ya utaratibu huo ulikuwa Kajiado mjini. Tulikwenda wawili tu safari hii, si wanane. Uani hapakuwa na moto wala hema. Tulikaa na wafiwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, tukatolewa tukala nyumba ya jirani, tukarudi. Mzee mmoja alilalamika kwamba matanga yamepoa. Mfiwa hakulisikia, alikuwa amelala, binti yake akimpepea.

Ama mpwa wetu wa Kitengela, deni la duka tulililipa wanane, kwa mafungu, na tulimwomba radhi kwa niaba ya watoto wake. Kulipa hakukufuta tulichokula, tunalijua hilo. Daftari la Jumanne na Ijumaa lilianza kwake akiwa amebakiza zaidi ya nusu ya eda. Wiki za kwanza vyungu vilirudi nusu vimejaa. Baadaye vikarudi vitupu, vimeoshwa. Jumanne moja, eda ikiwa imebakia wiki tano, alituma ujumbe kwa wanawake wote ishirini na wawili: leo msilete, nimekanda unga mwenyewe.